Klachi Haiachii, na Mama Yuko Ilembo

Mwese, Alhamisi jioni, masika ya 1996

Mvua imekatika, lakini baridi ya vilimani imeniingia mpaka kwenye mifupa. Mikono yangu inanuka petroli, na sabuni ya kufulia imeshindwa kuitoa. Naandika ili nisiendelee kukaa tu nikitazama ukuta.

Jana dereva wa lori la mahindi aliniletea ujumbe wa mdogo wangu Deusi, kutoka nyumbani Ilembo, kule Mpanda. Mama anaumwa sana, njoo haraka. Basi, hayo tu. Lori lenyewe halishuki Mpanda mpaka lijaze mzigo, labda Jumamosi, na mimi siwezi kukaa mpaka Jumamosi. Nina pikipiki. Mwenye pikipiki anasubirije lori?

Leo asubuhi na mapema niliondoka. Mto wa chini ya kijiji ulikuwa umejaa, na mtu mwenye akili angezima injini akatafuta vijana wamsaidie kuibeba. Mimi nikaingia nayo inaunguruma. Maji yakafunika injini, nikavuka hivyohivyo, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Kilima cha kwanza tu, klachi ikagoma kuachia. Nabana mkono wa klachi mpaka mwisho, pikipiki bado inasukuma mbele. Natafuta nyutro, pale ambapo hakuna gia inayoshika, siipati. Napiga gia juu, napiga chini, ile taa ya kijani ya nyutro haiwaki. Nikisimama, injini inazima. Niliisukuma kurudi kijijini, na pale mtoni nililia.

Fundi Nestori ni mtu wa Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, aliyeoa huku, na ndiye fundi wetu wa baiskeli na wa kila kitu chenye nati. Tulianza kwa kukaza waya wa klachi kwenye usukani, halafu kule chini kwenye injini. Wapi! Nikadhani labda nyutro inaingia ila balbu imeungua, tukaichomoa tukaijaribu kwa betri za redio. Ikawaka vizuri kabisa, kwa hiyo taa haikuwa na kosa. Nestori akafungua nati ya chini ya injini, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

"Maji imeingia ndani, mwalimu," akasema. "Sahani za klachi zimeshikana. Lazima tufungue."

Akafungua. Alizibandua moja moja kwa kisu, akaziosha kwa petroli, akazifuta, akakata gasketi mpya ya kuziba mfuniko wa injini kutoka kwenye boksi la sabuni. Nilimsimamia kichwani nikimharakisha mpaka nikajichukia. Hakunijibu vibaya hata mara moja.

Oili mpya ikakosekana, maduka yote hakuna. Nikaenda kwa Sospeter mwenye mashine ya kusaga, mtu ambaye hakupi hata pumba bila ugomvi, nikiwa nimejiandaa kupiga magoti. Akanipa kopo zima.

"Chukua tu, mwalimu. Nenda kwa mama."

Mkewe akaniletea ugali na maharage, akakaa kando mpaka nikamaliza. Wale vijana wanaoitania pikipiki yangu kila siku, wanaoiita cherehani, leo walipita kimya. Mmoja alivua kofia.

Nilidhani wananihurumia kwa ajili ya pikipiki.

Jioni hii injini ikakubali. Nestori akagusa gia kwa kisigino, taa ya kijani ikawaka, akaachia klachi na pikipiki ikatulia palepale. Nikamkumbatia na grisi yake yote. Nikamwambia naondoka sasa hivi, giza liingie lisiingie. Akanishika mkono.

"Lala kwanza, mwalimu. Asubuhi utaenda polepole. Watakungoja."

Watakungoja.

Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kuahidiwa hivyo. Wanaongoja ni watu waliokaa msibani, wanamngoja mtoto wa kwanza aje atupe udongo. Nestori naye alishtuka. Akainamia spana zake, akaanza kuzifuta wakati zilikuwa safi.

Sisi hatumwambii mtu aliye mbali kwamba amefiwa. Tunamwambia mgonjwa wako amezidiwa, njoo, ili apate nguvu za kusafiri. Mwaka jana mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mwalimu mwenzangu kuhusu baba yake. Nikamsaidia kufunga begi, nikamwombea mzee apone. Dereva wa lori alijua. Sospeter alijua. Kijiji kizima kimejua tangu jana, na mimi nimeshinda nahangaika na klachi.

Sikumuuliza Nestori kitu. Nilisema asante, nikaisukuma pikipiki mpaka hapa nyumbani. Nisipouliza, Mama bado anaumwa.

Kukipambazuka naondoka, na nitaendesha kama mtu anayemuwahi mgonjwa, mpaka pale nitakapoona watu wamejaa nje ya nyumba yetu.