Niligomea Kugandisha, Sasa Vilivyogandishwa Ndivyo Vilivyobaki

Shangazi mpendwa, shikamoo. Safu yako naisoma kila wiki hapa karakana, na sitakuficha, mara nyingi naisoma niwacheke wenzangu wanaokuandikia, basi leo zamu yangu, na wao wanicheke. Nisaidie, maana nimebanwa na mtu wa kumwambia sina.

Mimi ni fundi wa friji, huu mwaka wa kumi na nane, mke wangu ni msusi, tumeoana miaka tisa na mtoto hatujapata. Mwaka jana tukaenda kliniki ya uzazi, wale wanaotoa mayai ya mama na kuyakutanisha na mbegu za baba nje ya mwili, kisha kinachopatikana, wenyewe wanakiita kiinitete, kinarudishwa tumboni. Mke wangu alichomwa sindano siku kumi na moja, nilimchoma mwenyewe, dawa nikaziweka kwenye friji niliyoitengeneza kwa mikono yangu na kipimajoto ndani, na nakwambia Shangazi, siku zile tulikuwa na raha, yeye anageuza uso kwa woga wa sindano huku ananisimulia umbea wote wa saluni ili asisikie maumivu, na mimi nachelewa kuchomoa kwa sababu nataka nijue yule mteja wake mwenye waume wawili imekuwaje.

Yakatoka mayai ishirini na sita. Mimi nikafurahi, kumbe wingi ule ndio ulikuwa tatizo lenyewe. Daktari, dada mmoja mpole, alituketisha ofisini kwake akasema vimepatikana viinitete vitano vizuri, lakini zile dawa zimemzidi mama nguvu, tumbo limeanza kuvimba, na akishika mimba sasa hivi anaweza kuzidiwa vibaya, kwa hiyo yeye anashauri vyote vigandishwe, mama apumzike miezi miwili, ndipo kipandikizwe kimoja.

Hapo kwenye neno kugandisha ndipo nilipoharibu. Nikamwambia, "Daktari, hapo sasa umeingia kazini kwangu." Nikamweleza nyama iliyoganda inavyochuruzika maji ikiyeyuka, nyanya zinavyolegea, umeme ukikatika siku mbili wateja wanavyonipigia simu wamechanganyikiwa, nikamwambia mtoto wangu hawekwi mahali ambapo siwezi kusikiliza kompresa mwenyewe. Daktari akijaribu kunieleza namkatiza, akianza tena namkatiza, mwisho akaniacha akamgeukia mke wangu, "Na wewe dada, unasemaje?" Mke wangu alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Nikajibu mimi, "Tumeshakubaliana, tunataka kibichi." Hatukuwa tumekubaliana lolote. Daktari akasema kwa hali ilivyokuwa siku ile hawezi kutukatalia moja kwa moja, ila tujue hatari yake, akatupa karatasi yenye dalili za kuangalia, nikaipokea mimi. Njiani mke wangu akaniuliza, "Hivi yale ya tumbo kujaa maji alimaanisha nini?" Nikamwambia, "Kawaida yao hao, lazima wakutishe kidogo." Karatasi nikaitia kwenye sanduku la zana.

Kikapandikizwa kimoja, vinne vikaenda kwenye hiyo baridi niliyoikataa. Mimba ikashika, tukashangilia, na tumbo likajaa maji kweli, akawa hawezi kulala chali, akipanda ngazi tatu anatweta, siku mbili nzima namwambia ni uchovu wa mimba changa, siku ya tatu nikaitoa ile karatasi nikaisoma nimejificha nyuma ya friji ya mteja, na kila kitu kilichokuwa kinampata mke wangu kilikuwa kimeandikwa pale kwa mpangilio. Alilazwa siku kumi na tatu, wakamtoa maji kwa mrija. Alipona. Wiki ya nane mimba ikatoka.

Ni miezi saba sasa. Umbea wa saluni hanisimulii tena, nikimuuliza siku imekuwaje ananiambia nzuri, basi. Kitu kimoja tu alisema, tulikuwa tunaanua nguo, hakunitazama: "Mwili wangu ndio umekataa. Nisamehe." Yeye ananiomba msamaha mimi, Shangazi, na mimi nikashika ncha ya pili ya shuka tukakunja.

Wiki iliyopita kliniki wamepiga simu, wanauliza vile vinne tunavifanyaje. Nikamwambia mke wangu, akasema, "Amua wewe. Mambo ya barafu wewe ndiye unayeyajua." Mpaka leo sijui kama alinipiga kijembe au alisema kweli. Swali langu ni hili: tuvitumie hivyo vilivyoganda, ambavyo moyo wangu bado unasita, au tuanze upya tupate kibichi? Mwakani anatimiza miaka arobaini. Na ile karatasi, niichome?

Ni mimi,
Fundi Baridi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Hakuna atakayekucheka. Mimi nilipofika kwenye karatasi nilitaka kukutukana, nikaiweka barua yako mezani, nikaenda kuinjika chai, nikarudi kuimalizia. Sasa nisikilize, na safari hii usikatize mtu.

Nianze na barafu, maana ndiko ulikojificha. Nimemuuliza daktari wa fani hiyo. Kiinitete hakiwekwi kwenye friji, baba. Hakuna kompresa ya kusikiliza wala waya wa umeme. Kinazamishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, baridi ambayo hujawahi kuishika tangu uanze ufundi, na kinaganda upesi kiasi kwamba zile chembe za barafu zinazoharibu nyanya zako hazipati nafasi ya kujijenga. Vikiyeyushwa, vingi huamka salama, ingawa si vyote. Na kwa mama aliyetoa mayai mengi namna ile akaanza kuvimba, kusubiri ndiko kunakomkinga. Ukisema muanze upya unamrudisha mkeo kwenye sindano zile zile zilizomlaza siku kumi na tatu, tena akiwa na umri mkubwa zaidi, wakati vipo vinne vinavyongoja. Haya yote ungeyajua siku ile, kama ungemwacha yule dada amalize sentensi moja.

Kuhusu mimba kutoka, pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu ulikuwa baba kwa wiki nane na naona hapo kwenu hakuna aliyelitamka hilo. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na hakuna daktari atakayekuapia kwamba kile kimoja kingesubiri kingekaa. Hilo sikubebeshi. Lakini siku mbili mwenzio anatafuta pumzi huku majibu yamo kwenye sanduku la zana, hizo ni zako. Na hiyo miezi saba mwanamke anatembea akiamini mwili wake ndio mbaya, hiyo nayo ni yako. Mwili wake ulishika mimba mara ya kwanza tu, katikati ya dawa zilizomzidi. Haukukataa chochote. Aliyekataa ni wewe, na alipokuomba msamaha ukamsaidia kukunja shuka. Ona aibu, Fundi.

Unauliza kama lile neno la barafu lilikuwa kijembe au kweli. Vyovyote lilivyokuwa, unastahili.

Karatasi thubutu kuichoma. Itoe leo, ifute mafuta, nenda nayo nyumbani siku asiyokuwa na wateja, mkae, umwekee mkononi. Usianze na nyama na nyanya. Mwambie daktari alisema tusubiri, mimi nikakataa, nikajibu kwa niaba yako bila kukuuliza, karatasi hii nikakuficha, na mwili wako hauna kosa. Ukimaliza, nyamaza. Anaweza kulia. Anaweza kukutupia maneno ambayo hujawahi kuyasikia kwake, anaweza kufunga begi akakae kwa dada yake wiki mbili. Kubali. Usimfuate na maelezo, wala usimdai msamaha siku hiyo hiyo ili wewe upate usingizi. Wewe umekuwa na miezi saba ya kuyazoea haya. Yeye atakuwa ndiyo kwanza anayasikia.

Kliniki wapigie kesho asubuhi, waambie waendelee kuvitunza vyote vinne mpaka mama mwenyewe atakapofika. Usiseme zaidi ya hapo.

Akiwa tayari, kama atakuwa tayari, rudini kwa daktari yule yule, na umwombe radhi mbele ya mkeo. Kisha weka mikono mapajani. Daktari ataeleza, halafu atamgeukia mkeo na kumuuliza tena anasemaje. Anaweza kusema tujaribu. Anaweza kusema amechoka, hataki tena kusikia habari ya kliniki, na hilo nalo utalipokea jinsi lilivyo. Lakini hatajibu upesi, maana hajazoea kungojwa. Atafungua zipu ya mkoba wake, ataifunga, ataifungua tena.

Wewe usijibu.