Herufi Zimerudi Kuwa Ndogo

Voi, 14 Januari 2025

Mwanangu Abigael,

Hujambo mama? Ulifika Mombasa salama? Sisi tu wazima, ila joto limezidi na mama yako anakohoa vumbi la barabarani.

Kile kiprogramu cha kukuza herufi, unachokiita kiendelezi, ulichoniwekea kwenye kompyuta ya kliniki mwezi jana kimeniokoa. Nikifungua kivinjari, majina ya wagonjwa yanakuja makubwa, nayasoma nikiwa nimekaa wima kama watu wengine. Rispa wa mapokezi ameniuliza mbona siku hizi nacheka kazini. Sikumwambia. Na wewe usimwambie mtu. Nimebakisha miaka miwili nistaafu, na karani wa mafaili asiyeona atapelekwa nyumbani kesho yake.

Baba yako, Mwangangi


Mombasa, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mpe maji moto na tangawizi, najua hataki.

Baba, kuna jambo. Muuguzi mmoja wa kliniki yetu nyingine alijiwekea kiendelezi cha kutafuta bei nafuu, kumbe kilikuwa kinaiba habari za wagonjwa. Sasa bosi wangu, Mutinda, ameamuru kompyuta za kliniki zote za kampuni, yako ikiwemo, kuanzia hapa hadi Taveta, ziondolewe viendelezi vyote. Kitabaki kimoja tu cha ulinzi. Kazi hiyo ni yangu. Nitatuma amri kutoka hapa Ijumaa, na kila kompyuta itatii ikiwashwa.

Chako kitaondoka pia. Lakini iko orodha ya wenye ruhusa maalum. Nikiandika jina lako, pamoja na barua ya daktari wa macho, utabaki nacho. Niandike?

Binti yako, Abi


Voi, 5 Februari

Mwanangu,

Tu salama. Mama yako amekataa tangawizi.

Usiandike. Orodha hiyo ataisoma nani kama si wakubwa? Nimekaa na mafaili haya miaka kumi na tisa, wagonjwa nawajua kwa sauti. Nitajikaza.

Baba yako


Mombasa, 24 Februari

Baba,

Salamu zangu kwako na kwa mama. Nimepiga simu mara nne, mama anasema umelala. Mchana?

Niliituma ile amri Ijumaa ile. Imeingia kote bila hitilafu, Mutinda alinipongeza mbele ya watu. Nilipiga makofi pamoja nao, baba, huku najua wewe umekaa mbele ya kioo cha kompyuta usichokisoma. Niambie unaendeleaje. Nikubalie tu niandike jina lako.

Abi wako


Voi, 16 Machi

Mwanangu Abigael,

Natumai u mzima. Anayeandika ni Rispa, maneno ni yangu.

Herufi zilirudi kuwa ndogo. Nilikuwa nasoma jina la kwanza, la pili nakisia. Tarehe ishirini Februari akaja mama mmoja, Christine Mghoi, ana kidonda mguuni. Nikamfungulia daktari faili ya Christine Mghendi. Ya Mghoi ilikuwa imeandikwa kwamba penisilini inamdhuru. Ya Mghendi haikuwa na neno. Alidungwa sindano, koo likavimba. Walihangaika naye, hakurudi. Nilikuwa mlangoni nikimsikia.

Amezikwa Mghange, kule milimani. Nilienda. Nikasimama mbele ya mumewe, Onesmus, nikamwambia ni macho yangu, na kwamba niliyaficha. Kazi nimeacha.

Wewe sikukutaja. Mimi ndiye niliyekukataza kuandika jina, na hilo ni langu. Lakini tulijua wawili, mwanangu. Siwezi kukuambia hukujua.

Baba yako


Mombasa, 6 Aprili

Baba,

Sijui niwasalimu vipi. Naomba mama awe na nafuu.

Nilimweleza Mutinda kila kitu, kwa maandishi. Halafu Alhamisi nikapanda Mghange peke yangu. Onesmus alikuwa anamwagilia kabichi. Alinikaribisha vizuri, akanitolea kiti, akidhani kampuni imenituma nimletee fomu za fidia.

Nikamwambia, "Mimi ni binti wa yule karani. Na ni mimi niliyekiondoa kile kitu kilichomsaidia kusoma."

Akaniuliza kinavyofanya kazi. Nikamweleza polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo palikuwa na mahali pa kuandika jina la baba yako?"

"Ndiyo."

"Kuandika kungechukua muda gani?"

"Dakika moja."

Akainuka, akachukua ndoo yake, akarudi shambani. Mama yake mzazi akaniletea chai. Nilingoja na kikombe mkononi mpaka ukungu ukashuka ukafunika shamba lote, nikawa simwoni tena, nasikia tu maji yakimwagika kwenye majani. Hakurudi kunitazama, baba, na sikuthubutu kumwita.

Binti yako