Viatu vya Simiyu

Mpendwa mjukuu wangu Nafula,

Hapa Kitale mahindi yamekomaa na mimi Kuka, babu yako, ni mzima, tena nina furaha kuliko vijana. Rispa wangu, bibi yako mpya wa mwezi mmoja, anaimba jikoni ninapoandika. Nikimsikia nasahau miaka yangu sabini.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu anawakataza kugusa kapasita hata umeme ukishazimwa. Niliwahi kujiuliza hivyo nikiwa fundi kijana Bungoma. Mimi na rafiki yangu Simiyu tulikuwa tukitengeneza mashine ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC.

"Umezima kweli, ama unataka kurithi viatu vyangu?" Simiyu aliuliza.

"Nimezima, bana. Shika tu."

Akashika. Viatu hivyo ndivyo nilivyompelekea mama yake.

Nafula, nilikuwa nimezima kweli. Lakini kapasita, ambayo kazi yake ni kuhifadhi umeme, ilikuwa bado imejaa chaji, na hatukungoja wala kupima. Mama yake hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jana inverta ya sola ya Rispa, nayo ina kapasita ndani, iliharibika. Nikaizima, nikakaa.

"Si imezimwa? Unangoja nini, mpenzi?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akanishika mkono, tukangoja wote wawili.

Ukiwa maabara, mtu akikuambia amezima, mshukuru, kisha ngoja na upime mwenyewe. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Akupendaye,
Kuka