Chungu cha Tumpale Kimefudikizwa

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Tumpale,

Mdogo wako Yunisi amepiga simu tena. Anataka kukaa mahali pako pa kuuzia kichochoroni, wageni wa Krismasi wasije wakamkuta bado anauzia nyuma ya gesti. Lakini chungu chako bado kimefudikizwa juu ya jiwe lako, kama wanavyofanya huko muuzaji akifariki, na wa kukigeuza ni mume, ndipo mwingine akae. Nimemwambia nakuja. Halafu nimefua shati lile lile mara mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefika Ileje jioni. Baridi! Gari lilikaa stendi ya Mpemba likisubiri abiria — nikashuka, nikapanda, nikashuka tena.

Kichochoro ni kile kile. Vyungu pande zote mbili, moshi, yale mawe ya kukalia yaliyolainishwa na bibi zenu. Watu wa Mbeya waliokuja kupunga hewa ya mlimani wanapiga picha kila kitu, hata ndizi. Nikapita upande wa pili ili nisikione chungu.

Nikaomba chikanda kwa mama mmoja. Mdomo wangu wa mpakani Tunduma! Nilisahau kwamba hapa ule mkate wa viazi pori na karanga mnauita kikande. Akanisalimu kwa Kibemba, mwapoleni mukwai, akanitajia bei ya Wazambia, wenzake wakacheka. Jirani yake akamwambia huyo si Mzambia, ni mume wa Tumpale. Kicheko kikazimika kichochoro kizima. Wewe ungecheka mpaka leo.

Sikulala vizuri. Mto wa gesti unanuka sabuni ya watu wengine.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa kando ya jiwe lako, daftari gotini.

Yunisi amenionjesha kikande chake kwanza. Magadi yamezidi. Nikasema kitamu.

"Usinidanganye, shemeji. Dada angekitema."

Tukacheka. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kufuata mkaa.

Nikamuuliza Loisi, yule mama anayeuza maharage hapa jirani, kama hatuwezi kungoja mpaka mwakani. Akaendelea kuchagua maharage yake kwanza.

"Baba Witness, jiwe likikaa baridi, mwenyewe anasahaulika. Akikaa mtu, wateja watauliza yule wa mwanzo yuko wapi. Na sisi tutawaambia."

Nimeweka mkono juu ya chungu. Kina joto — la jua tu, najua. Mdomoni bado kuna ule ufa uliouziba kwa uji wa ulezi. Ulisema kinapumulia hapo.

Yunisi huyo anapandisha na ndoo ya mkaa. Wanawake wameacha vyungu vyao, hata Loisi ameacha maharage. Nitakigeuza akifika. Au akishatua ndoo —

Amefika. Naweka kalamu nikigeuze. Tumpale, hapa watakukumbuka. Na wewe huko, unikumbuke.