Mahari ya Shaba Mbele ya Baryeri

Jumamosi jioni, Kolwezi. Joto la kabla ya mvua. Moshi wa mashamba yanayochomwa umelifunika jua tangu asubuhi, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye meno.

Ngoma zinalia uani. Mimi nimejibanza nyuma ya jiko la watu, daftari magotini, na macho ni mekundu. Wakiniuliza nitasema moshi umeniingia machoni.

Leo mdogo wangu Ilunga ameoa. Nilimlea mwenyewe baada ya mama kufariki, kwa hiyo harusi hii nimeihangaikia kuliko yangu. Msichana ni Mujinga, binti wa Tata Kalenga, mzee anayefanya kazi kwenye kiwanda cha Kampuni ya migodi, kule wanakoyeyusha na kumwaga shaba. Mbuzi walishapelekwa, vitenge vilishapelekwa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, msalaba.

Si msalaba wa kanisani. Sisi ni watu wa bonde la Lualaba, na kabla Kampuni haijaota hata jina, mababu zetu walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani kila kiangazi, mtama ukishavunwa. Walipuliza moto kwa mivukuto ya ngozi, wakaimwaga shaba kwenye mchanga uliochorwa mikono minne. Misalaba hiyo ilinunua chumvi na majembe, na ilioa wanawake. Tanuri la babu sasa liko chini ya maji, maana bwawa lilipojengwa ziwa lilimeza kijiji. Watu walihama na kuku zao, vyungu vyao na misalaba yao. Wa kwetu umebaki huo mmoja.

Na una masharti yake. Anaubeba shangazi wa bwana harusi, kichwani, watu wakiona, hadi kwenye mikono ya baba wa msichana. Haushikwi na mtu mwingine njiani. Haufunikwi hata kwa kitambaa. Ukifichwa, basi msichana ameibwa, na ukoo wake unaweza kumrudisha nyumbani siku yoyote, hata akiwa na watoto.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa juu wiki nzima. Tangu vita vya hapa Kolwezi, kila njia ya kuingia mjini ina baryeri, gogo la kuzuia barabara, na walinzi wa brigedi, polisi wa migodi, wanatafuta shaba kwenye magunia ya makaa, kwenye makapu ya samaki, hadi kwenye vitenge wanavyobebea watoto mgongoni. Ukikutwa na kipande, wewe ni mwizi wa Kampuni. Mkoa mzima wameuita Shaba, lakini ole wako uishike.

Jana nilikwenda ziwani kumchukua Shangazi Numbi. Nilikuwa na mpango wangu. Msalaba ungelala chini ya samaki wakavu hadi tuipite baryeri, kisha tungeutoa tukifika karibu na nyumba ya Tata Kalenga. Nani angejua? Shangazi alinisikiliza, akavuta tumbako yake puani, akapiga chafya, kisha akaniuliza kama mume wangu alinioa ndani ya kapu.

Leo, njia nzima ndani ya lori, msalaba wazi mapajani mwake, nilimsihi. Nilimwambia habari za watu waliopelekwa brigedi wakarudi wakichechemea. Nilimwambia Ilunga atalia. Alinijibu neno moja tu la maana:

“Juu ya nini nifiche? Mi hapana mwizi.”

Nilimkasirikia hadi nikamgeuzia mgongo.

Kabla ya baryeri aliomba lori lisimame. Akashuka, akakunja kitambaa kuwa kata, akauweka msalaba juu ya kichwa chake, akaanza kutembea katikati ya barabara kama anatoka mtoni na ndoo. Jua lilikuwa hafifu, lakini ile shaba ilionekana. Wanawake waliokuwa wakisubiri kupekuliwa waligeuka wote.

Mkubwa wa walinzi kwanza alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alimwita citoyenne, yaani raia, akamuuliza ameiba wapi. Shangazi akaeleza kwa upole, babu nani, mtoni wapi, ndoa ya nani. Yule mtu akasema shaba yote ni ya Kampuni na kwamba gari la brigedi likija litamchukua, yeye na chuma chake. Akanyoosha mkono aupokee. Shangazi akaketi palepale mavumbini, msalaba mapajani, mikono miwili juu yake. Ungetoka mikononi mwake kwenda kwa mwingine, ndoa ingekuwa imekufa. Mlinzi mmoja akaishusha bunduki begani.

Nilikimbia. Kandambili moja sijui ilibaki wapi.

Nyumbani kwa Tata Kalenga walikuwa wamevaa tayari. Ilunga aliniona nikiingia peke yangu, uso wake ukabadilika. Nilimvuta Tata Kalenga pembeni nikamweleza, nikamwomba aje kuupokea kulekule. Nilijua ninamwomba nini, hata kabla sijamaliza. Mfanyakazi wa kiwanda anayeshikwa na shaba anafukuzwa siku hiyohiyo. Nyumba ni ya Kampuni, hospitali ni ya Kampuni, shule ya wale wadogo zake Mujinga ni ya Kampuni. Nilitegemea aseme basi, acheni huo msalaba, tutaelewana kwa kitu kingine. Nakiri niliomba Mungu aseme hivyo.

Aliniuliza jambo moja.

“Banaificha?”

“Hapana, tata. Aliibeba ku kichwa, bote banaona.”

Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akamshika Mujinga mkono. Wakatoka. Harusi nzima ikawafuata nyuma, bila ngoma, na vumbi lao likaonekana mbali.

Gari la brigedi lilikuwa limefika. Shangazi bado alikuwa chini, na vijana wawili walikuwa wamesimama juu yake. Tata Kalenga hakuwasalimu. Alipiga magoti mbele ya Shangazi, mzee mzima na koti lake la sherehe, akapiga makofi ya kupokea, yale ya viganja vilivyokunjwa. Sisi sote tukapiga naye. Akaupokea msalaba kwa mikono miwili. Shangazi akatoa pemba, ule udongo mweupe wa kubariki ndoa, kwenye ncha ya kitenge, akampaka Mujinga mikononi. Ilunga alikuwa analia waziwazi.

Tata Kalenga amemwaga shaba ya wengine tangu ujana wake. Hii ilikuwa yake kwa muda wa makofi yale tu.

Halafu akasimama, akamgeukia mkubwa wa walinzi, akampa.

“Sasa iko yangu. Kama ni bwizi, mwizi njo mi. Acha ule mama aende.”

Yule mlinzi alikaa na msalaba mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Nadhani aliona aibu. Lakini aibu haikumzuia kuutupa ndani ya gari. Tata Kalenga aliambiwa afike brigedi Jumatatu asubuhi na kadi yake ya kazi.

Sasa watu wanacheza. Shangazi anakula kuku kwa utulivu ulionichosha. Ningemshinda kwenye lori, msalaba ungepita chini ya samaki na Tata Kalenga angeamkia kazini Jumatatu kama kawaida. Wazo hilo haliniachi. Lingine nalo haliniachi: Mujinga angekuwa mke wa kapu, na mimi ndiye ningejua.

Sijui nani kati yetu alikuwa na haki. Ninampenda Shangazi na nimemkasirikia, vyote pamoja.

Nilimpelekea Mujinga maji ya kunawa ale. Alikunywa, hakunawa. Pemba imekauka mikononi mwake na imeanza kupasuka. Alisema ataiosha baba yake akirudi kutoka brigedi.

Nikamuuliza, asiporudi?

Akajifunga kitenge vizuri, akaingiza mikono ndani ili pemba isidondoke, akarudi kuketi kando ya mume wake.

Kesho ni Jumapili. Ningependa iwe ndefu.