Mto wa Mchanga Kushoto kwa Mlango

Jumamosi, 3 Oktoba 1981

Mkokoteni wa mwisho wa mchanga umefika. Ni mabaki ya mafundi wanaojenga nyuma ya soko la Kariobangi. Nimeumwaga kushoto kwa mlango, kuanzia ukutani hadi kwenye michongoma. Urefu futi saba hivi, upana tatu. Udongo wa hapa ni mweusi na hauachi maji yapite, kwa hiyo nimeinua tuta kwanza, kisha mchanga juu. Mawe pande zote mbili. Mgongo unauma.

Kamene, mke wangu, hakupenda saruji ya mtaa huu. Alisema macho hayana pa kupumzika. Kwao Kitui mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na aliupenda hivyo hivyo. Akisimulia, alikuwa akiuchora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza.

Miezi mitano sasa tangu anifie.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya kanisa nimepanda. Mishubiri minne, mkonge mmoja mdogo, na nyasi ndefu nilizong'oa kando ya maji kule chini ya Gikomba. Mawe nimeyapanga mara tatu. Yanataka kukaa kwa mstari kama askari. Mawe ya mto hayakai hivyo. Mwishowe nimefumba macho nikayaacha yaanguke.

Nimekaa nje kwenye kigoda mpaka jioni. Nimekula sahani nzima. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatano, 7 Oktoba

Watoto hawapigi tena mpira kwenye ukuta wangu. Wakipita hapa wanashusha sauti. Baba Ouma wa mlango wa pili, fundi wa reli, amepita akavua kofia. Mkewe ameniletea uji. Watu wana adabu. Sikujua kwamba bustani inaweza kutuliza mtaa mzima.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mama Ouma amesimama mbele ya mto kwa muda mrefu, mikono nyuma. Ameniambia nimechagua upande unaofaa. Upande wa mke. Sikuelewa. Nimesema asante.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimetoka kazini, stoo ya rangi huko Industrial Area, nikamkuta askari wa ofisi ya nyumba mlangoni. Mtu amepeleka habari kwamba nimezika maiti uani. Ijumaa jioni nifukue mbele yake, la sivyo nirudishe ufunguo. Miaka kumi na tisa katika nyumba hii. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa naelewa kofia. Naelewa uji. Kwao akina Ouma, magharibi, tuta la namna hii kushoto kwa mlango ni kaburi la mke wa mwenye nyumba. Wamedhani nimemrudisha Kamene. Na wamenihurumia, wengi wao.

Jumanne, 13 Oktoba

Kazini nimehesabu makopo vibaya mara mbili.

Ningewaambia ni bustani tu. Lakini wataona haya, kisha watamkumbuka marehemu, kisha watauliza habari za kaburi lake. Waliona gari likiondoka na jeneza. Niliporudi niliwaambia tumemzika kwao.

Si kweli. Mto wa kwao ulikuwa umejaa. Tulingoja ukingoni siku mbili, mvua juu ya jeneza. Wazee wa kwao walikuwa ng'ambo. Tuliwaona. Hatukusikiana. Siku ya tatu dereva akageuza gari. Tulimzika huku mjini, kwenye makaburi ya Lang'ata, watu wanne na mchungaji nisiyemjua. Aliniomba jambo moja tu alipokuwa mgonjwa, nimrudishe nyumbani.

Sijakanyaga Lang'ata tangu siku ile. Na huu mto niliojenga ndio uleule uliomzuia. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Ndio alioupenda.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimeng'oa mishubiri, nikaiweka kwenye debe. Mwende, binti yetu, ameandika kutoka Voi. Anauliza kama nakula. Sijamjibu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimefukua. Nusu ya mtaa ilikuja. Kijana mmoja akasema, "Mzee, chimba polepole, usimwamshe." Wakacheka. Mama Ouma akamwambia, "Na wewe amka, mama yako anakulisha mpaka lini?" Wakacheka zaidi.

Kisha hapakuwa na kicheko. Mchanga, udongo mweusi, mizizi. Askari akachomeka fimbo mara nne. Hakuna kitu. Mama Ouma akanitazama.

"Baba Mwende, kwani mama amelala wapi?"

"Lang'ata."

"Ulituambia Kitui."

"Niliwadanganya. Mto ulijaa. Nilishindwa kumvusha."

Niliyasema nikiwa nimesimama ndani ya shimo, jembe mkononi. Mama Ouma alijitupia leso kichwani akaondoka. Wengine wakamfuata. Askari alisema mchanga unaweza kubaki, mradi pasiwe na tuta. Hata hilo sikulifurahia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Baba Ouma amekuja asubuhi na sepetu ya reli. Alisema tu kwamba tangu azaliwe hajaona mto uliopanda juu ya kingo zake. Ni kweli. Niliogopa maji yatatuama, nikasahau mto hukaa chini. Tumechimba mfereji wa futi moja, kokoto chini, mchanga juu. Umejipinda wenyewe pale penye mzizi wa michongoma. Unapendeza. Nimeutazama na bado moyo ni mzito. Mkewe hajatoka nje.

Jumapili, 18 Oktoba

Mama Ouma amegonga mlango, amevaa za kanisani. Amesema nivae viatu, twende. Nikauliza wapi. Alikuwa ameshatangulia.

Huko Lang'ata tulitafuta kaburi karibu saa nzima. Kibao cha nambari kilikuwa kimelala kifudifudi, magugu yamefika magotini. Tuliyang'oa sote wawili. Kisha akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kumpa Kamene habari. Nani amejifungua. Makaa yanauzwaje. Kwamba mumeo amekujengea mto na tukamchongea kwa askari, utusamehe. Alisema naye kama walivyokuwa wakisemezana kupitia juu ya ua wa michongoma, tena kwa sauti kubwa.

Mimi nilisimama kando, kofia mkononi, nikingoja zamu yangu.