Kikombe Nilichombatizia Deo

Jumatatu, 2 Juni
Jana, saa tano asubuhi, nimepoteza ubatizo niliompa mdogo wangu Deo. Umefutwa mtoni, kule Nyamigogo. Mchungaji wake mpya amemzamisha upya, kwa jina la Yesu peke yake. Anasema ule wa kwanza yalikuwa maji tu.

Maji tu! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama amekata roho kwa uzazi, kichanga hakilii, padri yuko mbali. Nikachota kikombe, nikammwagia mara tatu: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Akalia. Leo ana miaka thelathini na minne.

Nimeumia. Nimefyatua matofali mia nne tu leo. Kawaida yangu mia sita.

Alhamisi, 5 Juni
Deo kapita hapa tanurini. Nikamwambia Mungu ni kama mafiga: matatu, chungu kimoja. Akacheka.

"Dada, wewe ni mama wa Anita, ni dada yangu, ni fundi matofali. Tukuhesabu watatu?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi, ninayeangalia kiwanja nikakutajia idadi ya matofali yake!

Kibaya zaidi, ndoa ya Anita ni tarehe 28. Mjomba ndiye wa kumtoa nyumbani na kumfikisha kanisani. Deo anasema hajui kama ataruhusiwa kuingia wanakotaja nafsi tatu. Anita ana mjomba mmoja. Hesabu hiyo haina njia ya pili.

Jumapili, 15 Juni. Sikukuu ya Utatu
Baada ya misa nimembana katekista wetu, mzee Simeo. Shikamoo, kisha nikamwaga yote. Akasema kosa la Deo, kwamba Mungu ni mmoja anayebadili sura tatu, Kanisa lilishalikataa karibu miaka elfu moja mia nane iliyopita. Nikatamba.

"Taratibu, mama Anita. Mafiga yako ni mawe matatu. Hiyo ni miungu mitatu. Nayo ilikataliwa."

Wanakwaya wakanicheka. Nami nikacheka. Wazushi wawili, tumbo moja.

Nikauliza kuhusu kikombe. Akasema zamani watu walipasua Kanisa wakibishana kuhusu usafi wa mkono unaobatiza. Jibu likawa: anayebatiza ni Kristo, mkono ni wa kuazima. Ubatizo wa Deo haufutiki, hata mtoni.

Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Asante, Mungu. Uliazima mkono wangu.

Jumanne, 24 Juni
Deo kaja bila kuitwa, kukandika tanuri udongo. Hajakosa kiangazi hata kimoja tangu tulipoanza na matofali mia mbili, yeye akibeba maji kichwani. Leo tanuri lina elfu kumi na mbili. Bila yeye nisingefika. Sijawahi kumwambia.

Hatukumtaja Mungu. Nilimpa maji kwa kikombe kilekile cha bati. Akakitazama. Akanywa yote.

Jumatano, 25 Juni
Asubuhi. Tanuri linafuka taratibu. Upepo hakuna.

Nimemwandikia Deo karatasi, naipeleka sasa. Naiweka na hapa:

Mdogo wangu, sikudai ukubali mafiga. Mimi mwenyewe nimeyaacha. Nashukuru ulilia siku ile. Nashukuru kwa maji yote uliyobeba. Nataka neno moja tu. Jumamosi unamtoa Anita, au humtoi? Nijibu kesho, kabla ya saa kumi jioni, nijue la kumwambia Anita.